Kupanda seji bustanini: mwongozo kamili kwa wakazi wa nyanda za juu

Mara ya kwanza nilipanda miche sita ya seji, mmea wa majani ya kuungia chakula na chai, hapa Lushoto, mwezi wa tatu, siku chache kabla masika hayajashika. Nilichimba mashimo, nikayajaza samadi ya ng'ombe, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Mwishoni mwa Aprili ulikuwa umebaki mche mmoja. Ile mitano ilinyauka huku udongo umelowa chapachapa, nami nikadhani ina kiu, nikaiongezea maji. Mama jirani, ambaye amelima maharage na viazi kwenye miteremko hii tangu ujana wake, aling'oa mmoja akanionyesha mizizi. Ilikuwa myeusi na laini, ngozi inachubuka kwa kidole kama kitunguu kilichooza. "Mwanangu," akasema, "huu haukufa njaa wala kiu. Umeuzamisha."

Tangu siku ile sijapoteza seji kwa namna hiyo tena. Huku kwetu, seji inakufa zaidi kwa kutunzwa mno kuliko kwa kusahaulika. Tuta liwe la juu, maji yapite haraka, mbolea iwe kidogo na jua liwe la kutosha. Karibu yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana na hayo.

Seji yenyewe ni ipi

Kwa wataalamu wa mimea jina lake ni Salvia officinalis. Ni ndugu wa mrehani, mnanaa na rozimeri, na udugu huo unaweza kuupima kwa vidole: zungusha shina changa kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi pembe nne. Kichaka kikikomaa hufikia sentimita 60 hivi. Majani ni marefu, rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, yana vinyweleo laini kama kitambaa cha flana. Ukilisugua moja, harufu inayopanda ni nzito, yenye kafuri ndani yake, na hubaki mkononi hata baada ya kunawa.

Kwao ni pwani ya kaskazini ya bahari ya Mediterania, na inayosifika zaidi hutoka kwenye vilima vya mawe ya chokaa vya Kroatia na Albania. Huko mvua nyingi huja wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu kabisa, na udongo ni tabaka jembamba juu ya mawe. Mmea uliozoea mazingira hayo unapoletwa kwenye udongo mwekundu wa Usambara, Njombe au Limuru, wenye uchachu na wenye kushika maji, lazima usaidiwe.

Kabla hujanunua mche, hakikisha ni seji kweli. Lile ua jekundu kali linalopandwa mbele ya ofisi na kwenye mizunguko ya barabara ni salvia pia, lakini ni ya mapambo, si ya jikoni. Nyanda zetu zina salvia zake za asili, mojawapo Salvia nilotica, inayoota yenyewe kwenye nyasi za milimani. Nayo si hii. Leleshwa ya Bonde la Ufa hufanana na seji kwa ile rangi ya kijivu chini ya jani na kwa harufu, ila ni mti wa ukoo mwingine kabisa. Na lantana, ambayo baadhi ya watu huiita seji ya porini, ina sumu inayodhuru mifugo, kwa hiyo usiikaribishe jikoni. Waliokaa Muscat au miji mingine ya Ghuba huenda wamekunywa chai ya maramiya. Majani yale mara nyingi ni ya Salvia fruticosa, dada wa karibu wa seji yetu, na hulimwa kwa njia hizi hizi.

Mahali pa kupanda

Tafuta sehemu inayopata jua saa sita au zaidi kwa siku. Seji iliyopandwa chini ya mparachichi haifi mara moja. Hurefuka, hulala, na majani yake huwa mapana yasiyo na harufu. Upande wa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi ni mzuri sana, maana umande hukauka mapema.

Kisha pima jinsi udongo wako unavyopitisha maji. Usiruke hatua hii, ni kazi ya nusu siku tu. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, uyaache yaishe. Lijaze mara ya pili, chomeka kijiti chenye alama, urudi baada ya saa moja. Maji yakiwa yameshuka sentimita tatu hadi tano, uko salama. Yakishuka pungufu ya sentimita tatu, inua tuta. Na ukikuta asubuhi ya pili shimo bado lina maji, usipande seji hapo kabisa, hata ukiinua tuta. Tumia chungu au sogea mahali pengine.

Kutengeneza tuta

Hapa ndipo nguvu zako ziende. Tuta langu lina kimo cha sentimita 30, upana wa mita moja, na limekingama mteremko ili mvua isilisombe. Upande wa chini nimepanga mawe ya kawaida kama ukingo, nikiacha nafasi kati yake maji yapenye.

Mchanganyiko ninaotumia ni madebe mawili ya udongo wa juu, debe moja la mchanga mkubwa wa mtoni au kokoto ndogo, na nusu debe la mboji iliyoiva. Mchanga uwe mkubwa, ule unaokwaruza kiganja. Mchanga laini wa kupigia lipu ukiuchanganya kidogo na udongo wa mfinyanzi hukauka ukawa kama sakafu, na tatizo linakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Mboji nayo iwe imeiva kweli: nyeusi, baridi, yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Samadi mbichi iache kwa ajili ya migomba.

Udongo wa milimani mwingi una uchachu, na seji hupenda pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi) ya kati ya 6 na 7, hata ikizidi kidogo haijali. Kama hapo ulipo chai inastawi bila shida, basi karibu hakika udongo wako una uchachu uliozidi kwa seji. Nyunyiza chokaa ya kilimo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, uchanganye wiki chache kabla ya kupanda. Wasio na chokaa hutumia majivu ya kuni, konzi mbili kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa mwaka. Yasiwe majivu ya taka zilizochanganyika na plastiki.

Miche: mbegu au vipandikizi

Mbegu za seji ni za duara, nyeusi-kahawia, kubwa kidogo kuliko za kabichi, na hupoteza uhai upesi. Angalia tarehe kwenye pakiti. Zilizokaa zaidi ya miaka miwili usizitegemee. Zisie kwenye trei au kopo lililotobolewa, kina cha nusu sentimita, penye joto la nyuzi 20 hivi. Zitachipua kati ya siku 10 na 21, tena kwa kupishana, basi usimwage udongo siku ya kumi na mbili kwa kukata tamaa. Mche ukiwa na majani manne ya kweli, uhamishie kwenye kikopo chake. Baada ya wiki sita mpaka nane utafaa kwenda bustanini.

Mimi lakini nakushauri utumie vipandikizi. Ni vya haraka, na mmea unaopata ni sawasawa na mama yake. Hili lina maana kubwa kwa aina za majani ya zambarau au yenye madoa ya njano, ambazo kwa mbegu huwa hazirudi na rangi yake. Na si lazima uwe na rafiki mwenye kichaka. Vifungu vya seji mbichi vinavyouzwa kwenye supamaketi za Arusha, Nairobi na Dar es Salaam vinaweza kuota mizizi kama bado ni vibichi kweli. Kichaka changu kikubwa kuliko vyote kilianzia kwenye kifungu kama hicho.

Chagua tawi changa ambalo halijaanza kuchanua, la urefu wa kidole cha kati, yaani sentimita 8 hadi 10. Lishike karibu na jicho uone vifundo, pale majani mawili yanapokabiliana. Kata kwa wembe safi chini kabisa ya kifundo, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani yote ya chini, bakiza manne ya juu. Yakiwa makubwa, yakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Chomeka kipandikizi hadi nusu yake kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na udongo kidogo. Chomeka vinane kwenye kopo moja, pembezoni, maana vya pembezoni huota vizuri kuliko vya katikati.

Weka kopo kivulini penye mwanga. Ukipenda funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ila ifunue kila siku kwa muda. Vinyweleo vya majani hushika unyevu, na kipandikizi kilichofungiwa kama mtori kwenye sufuria huoza kabla hakijaota. Udongo uwe na unyevunyevu tu. Baada ya wiki nne hadi sita, vuta kimoja kwa upole. Kikigoma kutoka, kina mizizi.

Ipo njia nyepesi kuliko hizo kwa mwenye kichaka tayari. Inamisha tawi la chini liguse ardhi, kwaruza ganda kidogo upande wa chini, libane kwa waya uliokunjwa, lifukie sehemu hiyo kwa udongo, kisha weka jiwe juu. Likikaa miezi miwili litakuwa limejiotea. Likate upande wa mama, ulihamishe.

Kuhamishia bustanini

Wengi hupanda mvua zinapoanza, kama mahindi. Kwa seji nafanya kinyume: napanda masika yanapoisha, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Udongo una akiba ya maji, anga limetulia, jua la kipupwe si kali, na mche una miezi mitano ya kushuka na mizizi yake kabla ya vuli. Masika yanayofuata yanaukuta umeshakuwa mmea mzima wenye kujitetea. Ukikosa nafasi hiyo, panda Januari, vuli zikiwa zimekwisha. Hapo utalazimika kumwagilia zaidi.

Acha sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche. Utaona nafasi ni kubwa kupita kiasi na mkono utakuwasha kubananisha. Vumilia, hewa inayopita kati ya vichaka ndiyo kinga yako kubwa dhidi ya ukungu. Panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mche kwenye kopo, shingo yake isifukiwe. Bonyeza udongo kwa ngumi, mwagilia mara moja mpaka maji yazame chini, kisha tandaza kokoto kuzunguka shina. Matandazo ya nyasi yanafaa kwa nyanya. Kwenye seji hushika unyevu shingoni na kuwapa konokono malazi.

Majirani wake wazuri ni wale wenye tabia kama yake: rozimeri, thaimu, lavenda. Mnanaa hupenda maji na hutambaa, kwa hiyo upande kwingine kabisa.

Maji na mbolea

Mwezi wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki. Baadaye acha kalenda, tumia kidole. Kichomeke ardhini hadi pingili ya pili. Ukihisi ubaridi wa unyevu, ondoka na ndoo yako. Kukiwa kukavu, mwagilia kwa wingi, chini ya shina, asubuhi. Kichaka kilichokomaa hapa kwangu hupata maji mara moja kwa siku 10 hadi 14 wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua sikigusi.

Mbolea ni konzi moja ya mboji kwa kila kichaka, mara moja kwa mwaka, basi. Mbolea za dukani kama urea na CAN zipeleke kwenye mahindi. Zikimwagwa kwenye seji hutoa majani makubwa yanayopendeza machoni, ila laini, yenye harufu hafifu na yanayoshambuliwa haraka na wadudu.

Kupogoa

Seji isiyopogolewa hugeuka mti: chini magongo matupu, juu kitita cha majani. Ikifika hapo ni vigumu kuirudisha. Sheria ni moja, usikate kwenye gongo la zamani lisilo na jani hata moja, kwa sababu mara nyingi halichipui tena. Kata mahali ambapo chini ya mkasi bado unaona majani au vichipukizi vidogo vya kijani.

Pogoa sana mara moja kwa mwaka, Juni, ukiondoa theluthi moja ya urefu wa kila tawi. Halafu kila unapovuna, vuna ncha za matawi badala ya kuchuma jani mojamoja kutoka chini. Huko ni kupogoa pia, na kichaka kitazidi kujaa. Masika yakikaribia, kata matawi yaliyobanana katikati ili upepo upite. Ikichanua, maua yake ya buluu-zambarau yatakuletea nyuki wengi, na hupenda kuyaacha siku kadhaa kabla sijayakata.

Magonjwa na wadudu

Kuoza mizizi nimeshakueleza. Mmea ukinyauka na udongo umelowa, usiongeze maji. Mara nyingi hautapona, lakini kata haraka vipandikizi kutoka matawi ambayo bado ni mazima, uokoe uzao wake.

Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe juu ya majani, hasa miezi ya ukungu. Ondoa majani yaliyougua, punguza matawi, usimwagilie kwa juu. Wakati wa kiangazi angalia chini ya majani. Vidoa vidogo vya njano vyenye utando mwembamba ni utitiri. Vijidudu vyeupe vinavyoruka ukitikisa tawi ni inzi weupe. Kwa wote nanyunyizia maji yenye sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, nikihakikisha upande wa chini wa jani umelowa, na narudia baada ya siku tano. Majani nayaosha vizuri kabla ya kuyatumia. Sumu kali za dukani sizitumii kwenye kitu ninachokwenda kutia kwenye chai.

Wa pwani wafanyeje

Nitasema kweli: Tanga, Dar es Salaam na Mombasa si kwake. Joto likiambatana na unyevu wa hewa usiku na mchana huichosha. Inawezekana hata hivyo, kwenye chungu cha udongo chenye tundu, kisichopungua sentimita 25 kwa upana, mahali penye upepo, jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Anza Juni, vuna mpaka Desemba, na uihesabu kuwa mmea wa msimu mmoja. Kitako cha chungu kisikae kwenye kisahani chenye maji.

Kuvuna, kukausha na kutumia

Mwaka wa kwanza chuma kidogo kidogo. Kuanzia wa pili unaweza kukata mavuno makubwa mawili au matatu. Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, na kabla mmea haujachanua. Hapo mafuta ya majani ndiyo mengi.

Kausha kivulini penye hewa, matawi yakifungwa machache machache na kuning'inizwa vichwa chini. Huku milimani ukungu unaweza kuyaharibu, kwa hiyo miezi ya unyevu nayatandaza juu ya wavu ndani ya chumba chenye joto, mbali na moshi. Huchukua wiki moja hadi mbili. Jani lililokauka sawasawa huvunjika kwa sauti. Likijikunja tu, bado. Yahifadhi mazima kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, kabatini, uyavuruge siku ya kutumia. Baada ya mwaka mmoja harufu hupungua sana.

Jikoni, anza na maharage. Kaanga majani matano mabichi kwenye mafuta na kitunguu saumu mpaka yawe makavu na yavunjike, kisha mimina yote juu ya maharage yaliyoiva. Waitalia wa Toscana wana mapishi yao ya maharage na seji, na ukionja utajua kwa nini hawajayaacha. Hufaa pia kwa kuku wa kuoka, viazi na nyama ya mbuzi. Tumia kwa mkono mwepesi, maana jani kavu lina nguvu kuliko bichi.

Chai yake ni kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe, dakika tano hadi kumi. Hapa naomba umakini. Seji ina kemikali iitwayo thujoni, ambayo kwa wingi hudhuru mishipa ya fahamu. Kiasi cha kuungia chakula hakina shida, lakini mjamzito na mwenye kifafa wasiinywe kama dawa, na mama anayenyonyesha ajue kwamba inasemekana kupunguza maziwa. Mafuta yake yaliyokamuliwa yasinywewe na mtu yeyote.

Kichaka kimoja hukaa na nguvu miaka mitatu hadi mitano, kisha huanza kuwa magongo hata ukikipogoa vizuri. Usingoje kichoke. Mwaka wa tatu, mwezi wa nne, chukua vipandikizi vinane kutoka kwa mama mwenye afya. Mwanzoni mwa Juni vitakuwa na mizizi. Viwili utapanda upande wa pili wa tuta, na vilivyobaki uwapelekee majirani pamoja na maelezo kuhusu kokoto.